Kwangu Hakubahatishwi

Binti yangu alinikabidhi saa ya mezani, akavuta kiti, akaniambia, "Mama, ukiona dakika zimekwisha sema 'weka kalamu chini.' Nikikuomba nyongeza usinipe. Hata nikilia."

Nikamwambia, "Ukilia ndiyo sikupi kabisa."

Akacheka. Akasema ndiyo maana amenichagua mimi. Dada zake wangemwonea huruma, na walimu wenzake wangemnong'oneza majibu. Alitaka mtu asiyejua kitu na asiyehurumia mtu. Sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa, na mpaka leo sijamuuliza.

Hii ilikuwa Mabawa, katika nyumba tuliyoachiwa na marehemu baba yao, miaka ile shida ilipoanza kulegea. Ladha ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, ilikuwa bado iko mdomoni, na ukipata mche wa sabuni bado uliufunika kwa kanga njiani. Lakini mjini, kwenye maduka ya Usagara, vitu vilikuwa vinarudi kidogo kidogo, na watu wakawa wanasema "ruksa" kwa kila jambo, hata mtoto akiomba kwenda kucheza. Binti yangu huyu, kitinda mimba wangu, alikuwa amekwisha maliza chuo kikuu na anafundisha hesabu sekondari, kule upande wa Maramba. Mshahara wake ulikuwa ukiingia mkono huu unatokea huu. Akaandika barua Marekani, kwa chuo kimoja, akaomba kusoma zaidi. Wakamjibu kwamba wanamtaka, na msaada wa kumsomesha upo, na hata ada ya mtihani wa kuingilia wataitoa wao, kwa fedha za kigeni ambazo kwetu hata ukienda benki unaambiwa hazipo. Ila kwanza aufanye huo mtihani, waone. Na watamlipia mara moja tu. Akiharibu, basi, atabaki na chaki zake Maramba.

Hilo la mara moja nililielewa vizuri. Mengine yaliyofuata sikuyaelewa, na nayaandika hivyo hivyo nilivyokosa kuyaelewa, kwa sababu watu huniuliza nilimsomeshaje yule mtoto mpaka akafika huko. Mimi nimesoma madarasa mawili ya shule, na Kurani chuoni kwa maalim. Sikumsomesha. Nilishika saa.

Kitabu cha mazoezi nilikwenda kukiazima mwenyewe Usagara, kwa mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Tulikuwa mashoga tangu ujana, mimi nikimpelekea vitumbua na yeye akinifichia doti ya kanga zilipoadimika. Mwanawe wa kiume alikwisha kuufanya mtihani huo miaka mingi nyuma, akenda zake. Kitabu kilikuwa kinene, kimeliwa na mende pembeni, ndani kimejaa mitihani ya kujaribia, na majibu yamewekwa mwisho.

"Chukua, shoga," akaniambia, "lakini mwambie asikisome sana. Mwanangu alikisoma hiki mpaka akawa anasema usingizini."

"Anasema nini?"

"A, B, C, D."

"Maskini. Na aliporudi alikuwa amepona?"

Akanitazama juu ya miwani. "Nani kakwambia karudi?"

Nikakifunga kitabu katika kanga nikaondoka. Sikuyasema hayo nyumbani.

Ilikuwa likizo ya shule, basi kila asubuhi, tukishakunywa chai, binti yangu anakaa mezani sebuleni na mimi nakaa mlangoni na ungo wangu wa choroko na saa pembeni. Hapo ndipo tabu ilipoanza, maana nyumba zetu hazikujengwa kwa watu wanaotaka kunyamaziwa. Jirani akipiga hodi mimi namjibu, "Leo hakuna hodi, bibi, ndani kuna mtihani."

Sasa kwetu mtihani si karatasi peke yake. Mtu akifiwa, akiugua, akiibiwa, tunasema kafikwa na mtihani. Jirani yangu wa kwanza akashika kifua, "Mtihani gani tena jamani? Nani?" Nikamwambia ni yule mdogo, kitinda mimba. "Tangu lini?" Tangu juzi, nikasema, na bado mwezi mzima. Akaondoka mbio. Kabla adhuhuri haijaadhiniwa wakaja wanawake watatu wamejitanda, mmoja na chupa ya uji wa pilipili manga, mwingine na ndimu. Wakamkuta mgonjwa mezani anatafuna kalamu.

"Huyu ndiye anayeumwa?"

"Nani kasema anaumwa?"

"Wewe si ndiye uliyesema yuko mtihanini!"

Uji tuliunywa. Binti yangu alisema ulimsaidia.

Siku ya kwanza nilimtazama muda mrefu, nikaona haandiki. Anatazama kitabu, anatazama dari, kisha anakwenda kwenye karatasi nyingine na kupaka kitone cheusi. Dakika zilipokwisha nikasema, "Weka kalamu chini," akaweka. Nikamuuliza, "Mbona huandiki?"

"Haiandikwi, mama. Kila swali lina majibu matano chini yake. Moja ndilo la sawa. Unapaka kijiduara chake."

"Jibu lipo hapo hapo, mbele yako?"

"Lipo."

"Na wewe unatoka jasho?"

Akanisomea moja, akiligeuza Kiswahili ili nione. Walikuwa wanataka kinyume cha neno. Neno lenyewe ni mkarimu. Chini wameweka bahili, mchoyo, mnyimivu, mtu wa mkono wa birika, na maskini. Chagua moja.

"Maskini hapana," nikasema. "Hao wanne waliobaki ni mtu mmoja, na mie namjua, anakaa nyuma ya msikiti."

"Lazima uchague, mama. Yote yanakaribia, moja ndilo bora."

"Bora kwa nani?"

"Kwa waliotunga."

"Basi waulizwe wao walimkusudia nani."

"Wako Marekani."

Nikaona hapo pana jambo haliko sawa. Mtihani niliouzoea mimi ni wa chuoni: maalim anakwambia soma, unasoma, ukikosea bakora, usipokosea unapita. Maalim anajua, na wewe unajua kuwa anajua. Huu mtu katunga akiwa mbali, kaweka majibu manne ya kukupoteza kwa makusudi, tena kakupimia na dakika. Niliuliza, mtu aliyetaka kukupa nafasi kwa nini akutegee? Akasema, "Wako wengi wanaoomba." Hilo nalo halikuwa jibu la swali langu, lakini choroko zilikuwa zimekwisha.

Upande wa hesabu hakuwa na wasiwasi. Maneno ya Kiingereza yalimsumbua, lakini aliyaandika kwenye vipande vya karatasi na kuyabandika jikoni, kwenye kabati, hata mlango wa choo, mpaka ukienda chooni unajiona mjinga mara mbili. Kilichomuua ni mafumbo. Palikuwa na sehemu nzima ya mafumbo ya watu wanaokaa mezani, nani karibu na nani, nani ni nani wa nani. Kila tulipofanya jaribio, hesabu juu, mafumbo chini. Siku moja, baada ya kujisahihisha, akasonya kwa nguvu. Nikamwambia anisomee hilo fumbo, kama ni la ukoo pengine nitaliweza, maana ukoo ndio elimu yangu.

Akasoma. Familia imekaa mezani: baba, mama, binti yao, bibi, na mjomba. Bibi ni mama mzazi wa baba. Bibi huyo kazaa watoto wawili tu, wote wa kiume, na wote wawili wako hapo mezani. Mmoja ni baba. Wa pili ni nani?

"Hayupo," nikasema.

"Yupo, mama."

"Hayupo. Wanaume hapo ni baba na mjomba."

"Ndiyo. Basi ni mjomba."

Niliweka ungo chini. "Mjomba ni kaka wa mama, au siyo? Kama mjomba kazaliwa na bibi huyo, basi na mama kazaliwa na bibi huyo. Na baba kazaliwa na bibi huyo. Astaghfirullahi! Baba kamuoa dadake? Na wamekaa mezani wanakula?"

Binti yangu akacheka mpaka akaangusha kalamu. Kisha akaacha kucheka, akasema taratibu, "Ndivyo na mie nilivyoona. Nikasema hakuna jibu. Kiingereza, mama, neno ni moja tu. Mjomba, baba mdogo, baba mkubwa, mume wa shangazi, wote hao kwao wana jina moja. Nalijua hilo. Nikikaa nimetulia nalijua. Lakini dakika zikinikimbiza, kichwa changu kinarudi nyumbani."

"Baba mdogo na mjomba, jina moja?"

"Moja."

"Sasa mtoto wa kike akifiwa na baba, wanamjuaje wa kumwozesha?"

"Hayo hawaulizi, mama."

"Wanaishije watu hao?" Nilikuwa nimechanganyikiwa kweli. Mtoto wangu anataka kwenda kukaa na watu wasiojua tofauti ya mjomba na baba mdogo, na wao ndio wanaompima yeye akili.

Nikamuuliza, "Sasa hilo ulikosa?"

"Hapana, nililipata."

"Ulilipataje, na umesema uliona halina jibu?"

"Niliona dakika zinakwisha, nikabahatisha. Nikapaka tu, likawa lenyewe."

Niliisogeza saa kando. Kisha nikamwambia alifute.

"Nilifute kwa nini? Ni sawa!"

"Ulijua?"

"Sikujua."

"Basi si sawa yako. Lifute. Na kama pana mengine uliyopaka hivyo, yafute. Kwangu hakubahatishwi."

Akanitazama kama anataka kubisha. Mimi ndiye msimamizi, alinichagua mwenyewe. Akachukua kifutio. Alama zake zikashuka hata zikatia huruma, akafungua kurasa za mwanzo za kitabu akasoma. Akasema, "Lakini hata kitabu kinakubaliana na wewe. Kinasema ukikosea wanakukata sehemu ya alama. Ukiacha wazi hawakukati."

"Wanakata?"

"Wanakata. Ili watu wasibahatishe."

Nikasema kumbe wana adabu hao, na nikawasamehe habari ya yule mjomba. Tangu siku hiyo tukaenda hivyo. Asilolijua analiacha wazi. Nilikuwa nazunguka nyuma yake na saa mkononi, na nikiona kalamu inasitasita nauliza, "Unajua?" Akisema "nafikiri," nasema, "Kufikiri si kujua." Alikuwa anaacha wazi mengi, lakini aliyopaka yalikuwa yake.

Halafu posta wakaleta kijitabu. Kilitoka kwa wenye mtihani wenyewe, pamoja na cheti cha kuingilia na jina la mahali atakapofanyia Dar es Salaam. Binti yangu alikisoma akiwa amesimama. Nikaona midomo inarudia mstari mmoja.

"Wamebadilisha," akasema. "Kitabu cha shoga yako ni cha zamani. Sasa hawakati tena. Wanasema kosa na wazi ni mamoja, kwa hiyo jibu kila swali, hata usilolijua."

"Wanasema nini?"

"Wanasema usiache hata moja. Bahatisha."

Nilimwambia asome tena. Akasoma tena, neno kwa neno, kwa Kiswahili. Ilikuwa vile vile. Mtihani mmoja, watu wale wale, jana wanasema ukibahatisha tutakuadhibu, leo wanasema usipobahatisha shauri yako. Nikauliza nini kimetokea hapo katikati. Hakujua. Nikauliza kama huko nako wameingiwa na ruksa. Akasema pengine.

"Nyumbani humu utaendelea kuacha wazi," nikamwambia.

Hapo ndipo tulipokosana. Hakupaza sauti, maana hakulelewa hivyo, lakini alisimama. "Mama, nikiacha wazi, mwenzangu wa Bombay na mwenzangu wa Nairobi wanapaka. Wao hawajui, mie sijui, wao wanapata alama mimi sipati. Tena si upofu. Katika majibu matano, mawili nayajua hakika kuwa siyo. Yanabaki matatu. Hiyo ni hesabu. Ndiyo hiyo ninayokwenda kusomea."

"Unakwenda kusomea kubahatisha?"

"Inaitwa takwimu. Ni elimu ya kupima mambo usiyoyajua kwa hakika."

"Chuo kizima?"

"Chuo kizima."

Nilikwenda jikoni nikakuna nazi ambayo haikuwa na kazi siku hiyo. Nilikuwa nimedhani mtoto anakwenda kuongeza ujuzi. Kumbe anavuka bahari kusomea kutojua. Nikitazama mbele na nyuma sioni kosa liko wapi, na nikitazama tena naona lipo.

Alasiri nikajitanda nikaenda kwa maalim, aliyemfundisha binti yangu juzuu zake za mwanzo. Nilimkuta barazani, wanafunzi wametoka. Nikamweleza yote, vijiduara, majibu matano, kitabu cha zamani na kijitabu kipya. Alinisikiliza huku anavuta ndevu.

"Hebu ngoja, bi mkubwa. Huyo mtoto anaposema jibu asilolijua, anaapa?"

"Haapi. Anapaka."

"Na hao wenye mtihani, wanajua kwamba anabahatisha?"

"Ndio waliomwambia abahatishe."

"Basi hakumdanganya mtu."

"Haya, si kamari?"

"Kaweka kitu chake, akikosa kinaliwa?"

"Zamani walikuwa wakila. Siku hizi hawali."

Akafikiri. "Kwa hiyo zamani, walipokuwa wakila, ilikuwa inakaribia kamari, na ndipo waliposema usifanye. Na sasa hawali, wamesema fanya."

"Ndiyo."

"Basi wamekuwa wazuri zaidi au wabaya zaidi?"

"Mie ndiye niliyekuja kukuuliza wewe, maalim!"

Akavuta ndevu tena. Alisema dhana ni jambo la kuogopwa. Kisha akasema lakini mkulima naye hupanda bila kujua mvua. Kisha akasema lakini mkulima hadai kuwa anajua. Alikwenda na kurudi hivyo mpaka chai ikapoa, mwisho akasema, "Wallahu aalam." Mungu ndiye ajuaye.

Nikaaga nikashika njia. Nilikuwa nimefika karibu na nyumbani ndipo nikagundua kwamba maalim mwenyewe alipofika asipopajua hakubahatisha. Aliacha wazi. Lakini na mimi niliondoka bila jibu, na safari ya mtoto ilikuwa imebakiza siku chache.

Siku ya kuamkia safari binti yangu alikuwa anapiga pasi ya mkaa gauni lake la kazini. Tulikuwa hatujazungumza mtihani tangu tukosane. Niliendelea kushika saa, yeye aliendelea kuacha wazi. Akaiweka pasi juu ya kigae, akaja akakaa chini kwenye mkeka, karibu na miguu yangu.

"Mama, nataka neno lako."

"Lipi?"

"Kesho kutwa nikifika mahali nisipopajua, nipake au niache? Utakalosema ndilo nitakalofanya. Siwezi kukaa kwenye chumba kile na radhi yako imegawanyika. Lakini ukisema niache, nitaacha kweli, kila kitu, na nikikosa nafasi usije ukaniuliza."

"Unanitisha?"

"Sikutishi. Nakueleza."

Nilimtazama kisogo, nywele zake amezisuka mwenyewe vibaya kwa haraka. Nilijua maana ya anachoniambia. Neno moja langu lingeweza kumbakisha Maramba, akaja nyumbani kila likizo, akaolewa na mtu ninayemjua ukoo wake, na hakuna ambaye angenilaumu, maana ningekuwa nimesimamia ukweli. Yule shoga yangu wa Usagara hakuwa na neno hilo. Mwanawe hakumuuliza. Mimi nimeulizwa. Na kama ningekuwa na hakika kwamba ninakataza kwa sababu ya ukweli tu, ningekataza pale pale. Lakini hakika hiyo sikuwa nayo. Nilijitafuta moyoni sikuona ni kipi kinachosema, dini au woga wangu, vyote vilikuwa na sauti moja.

Akasubiri. Mtoto yule alikuwa na subira hiyo tangu mdogo, ya kukaa na kukusubiri mpaka useme.

"Kwangu hakubahatishwi," nikasema. "Hilo sijalirudisha."

"Sawa, mama."

"Sijamaliza. Mtihani huo si wangu. Mie nilishikishwa saa tu. Ukienda nyumba ya watu, mwenye nyumba akikwambia vua viatu, unavua. Akikwambia ingia navyo, unaingia navyo, hata kama kwenu ni aibu. Fuata ya mwenye nyumba. Ila usije ukanambia umejua ulichobahatisha."

"Hiyo ni radhi?"

"Ni radhi. Na pasi inaunguza kigae."

Aliporudi kutoka Dar es Salaam nilimwacha ale kwanza, bada la unga wa muhogo na mchuzi wa ng'onda, samaki wa kukaushwa, alivyopenda. Alikuwa amekonda kwa siku chache zile. Nikamuuliza kama alipaka asiyoyajua.

"Mwishoni. Msimamizi aliposema zimebaki dakika chache, nikarudi nyuma nikapaka yote yaliyokuwa wazi."

"Mangapi?"

"Sikuhesabu."

"Mwalimu wa hesabu, hukuhesabu?"

"Mama, nilikuwa nasoma Bismillahi na kupaka kwa pamoja. Nisingeweza na kuhesabu."

Sikujua nicheke au nikasirike kwa Bismillahi kutiwa humo. Nikamwongeza mchuzi.

Majibu yalichelewa sana. Shule ikafunguliwa, akarudi Maramba, mvua zikanyesha zikakatika, na kila nikimwona mtu wa posta naacha ungo nasimama. Barua ilipofika nilimtumia salamu kwa mtu anayepanda upande huo, akaja Jumamosi, akaifungua mbele yangu. Palikuwa na tarakimu tu.

"Umefaulu?"

"Hakuna kufaulu, mama."

"Umefeli?"

"Wala hakuna kufeli. Wanatoa alama tu. Na hapa wanasema katika kila watu mia waliofanya, mimi nimewazidi kiasi hiki."

"Unawajua?"

"Nani?"

"Hao uliowazidi."

"Siwajui hata mmoja."

Nikakaa. Mtu amefanya mtihani, hakufaulu, hakufeli, kawazidi watu asiowajua kwa majibu ambayo mengine hakuyajua. Niwaambie nini majirani, ambao walikwisha kuleta hata uji? Nikawaambia wasubiri. Jirani mmoja akasema, "Mtihani wenu huu haushi?"

Jibu la kueleweka lilitoka kwa chuo chenyewe, wiki nyingi baadaye. Walisema aje. Walisema pia, na alinisomea hilo kwa sababu hakuzoea kunificha, kwamba alama zake zimefikia kiwango chao kwa kufikia tu, hakuna iliyozidi. Hesabu zilikuwa juu sana, yale mengine yalijikongoja.

Majirani walikuja kwa vigelegele. Kila mmoja akasema, "Mwanao ana akili, mashallah." Niliwakaribisha, nikawapa kahawa na kashata, na nilikuwa sijui niitikie vipi. Shoga yangu wa Usagara alikuja na kipande cha kitambaa cha kushonea koti, maana huko baridi. Alipomkabidhi mtoto akamwambia, "Andika barua. Usiandike ndefu. Andika tu." Kisha akajifanya anatafuta viatu vyake.

Wageni walipotoka tulibaki wawili tukipanga nguo. Nilikuwa nimeshika swali moja tangu asubuhi.

"Yale uliyopaka mwishoni," nikasema, "uliyapata?"

"Hawasemi, mama. Wanatoa jumla tu."

"Na wewe mwenyewe hujui?"

"Sijui. Sitajua kamwe."

"Kwa hiyo inawezekana ni hayo yaliyokufikisha."

"Inawezekana." Alikuwa anakunja lile gauni la kazini. "Na inawezekana nilikosa yote, nikafika kwa yale niliyoyajua."

"Ipi kati ya hizo?"

"Ungekuwa mtihani ungechagua ipi?"

Nilimtazama nione kama ananichezea, lakini hakuwa anacheza. Alikuwa anataka kujua, kwa subira ile ile ya kwenye mkeka, na safari hii hapakuwa na mwenye nyumba wa kumtupia swali.

"Ningeacha wazi," nikamwambia. "Haya, funga sanduku."